Kuku wa dovi wa Kizimbabwe: mafuta yakipanda juu usiogope

Swali: Msomaji wa Dar es Salaam, mzaliwa wa Tanga, anaandika: "Mume wangu ni Mshona wa Masvingo, Zimbabwe. Mama yake anakuja kututembelea na ninataka nimpikie huku nedovi, yaani kuku wa siagi ya karanga. Nimejaribu kwa siagi ya karanga ya kopo. Mchuzi ulifanya madonge, ukaungua chini, ukawa mtamu kama kitafunwa, na mafuta yakapanda juu nikajua umeshakatika. Mume wangu alikula bila kusema neno. Ninakosea wapi? Na je, kuku wa kisasa anafaa?"

Jibu:

Dada yangu, pole kwa ule ukimya wa mezani. Lakini katika mambo manne uliyoyataja, moja si kosa hata kidogo. Mafuta kupanda juu ndiyo dalili kwamba mchuzi wa dovi umeiva. Wewe ni mtoto wa Tanga, umekulia kwenye tui, na tui likitoa mafuta kila mtu jikoni anajua limeachiwa moto mkali likakatika. Kwa karanga hesabu ni nyingine. Mpishi wa Kishona husimama na mwiko wake akisubiri vile vidoa vya mafuta yenye wekundu wa nyanya vitokeze pembezoni mwa sufuria, na kabla havijaonekana hapakui.

Sababu yake ni nyepesi. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Ukitia gramu 200 za dovi kwenye sufuria, umetia karibu gramu 100 za mafuta, hata kama hukumimina tone kutoka kwenye chupa. Mwanzoni mafuta hayo yanashikiliwa na protini za karanga, ndiyo maana mchuzi unaonekana mweupe na mzito. Moto ukizipika zile protini, zinaachia. Mafuta yanakusanyika, yanapanda, na ule ubichi wa karanga unaondoka mdomoni. Kwa hiyo hilo la mafuta lifute kabisa. Madonge, kuungua na utamu vinatoka kwenye mambo mawili: kopo ulilonunua, na namna ulivyoitia siagi kwenye sufuria.

Nianze na kopo. Siagi nyingi za karanga za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya mkate. Zimetiwa sukari, na mara nyingi zimetiwa mafuta yaliyogandishwa kiwandani ili mafuta ya karanga yasijitenge na kuelea juu ya kopo. Sukari ile ndiyo iliyokuharibia ladha, na ndiyo iliyowahi kuungua chini ya sufuria kabla ya kitu kingine chochote. Dovi ya kweli ni karanga zilizokaangwa, zikasagwa hadi zikalainika, na chumvi kidogo. Zamani zilisagwa kwenye jiwe la kusagia, na vijijini bado lipo. Mjini watu wengi hutumia mashine. Ukienda soko la Mbare Musika pale Harare utaikuta imewekwa kwenye machupa yaliyokwisha kutumika, mafuta yamesimama juu. Mnunuzi anayeijua dovi hayakimbii mafuta hayo. Anayakoroga tu.

Kama utanunua ya dukani, geuza kopo usome nyuma. Ikiwa imeandikwa karanga na chumvi, chukua. Ukiona sukari, rudisha, hata kama ni ya bei. Lakini ushauri wangu ni kwamba kwa mgeni huyu utengeneze mwenyewe, kwa sababu nusu ya ladha ya chakula hiki inatoka kwenye ukaangaji, na hakuna kopo litakalokufanyia kazi hiyo.

Nunua karanga nusu kilo na uzichague kwa mkono, mbele ya mwanga, moja moja. Toa zilizosinyaa, zenye weusi, zilizovunjika, zenye ukungu, na zenye harufu ya kuvunda. Hapa sitaki upunguze kazi. Sumukuvu inayotoka kwenye ukungu wa nafaka na karanga haiondoki yote kwa kukaanga wala kuchemsha. Moto wa jikoni unapunguza sehemu tu. Mwaka 2004 huko Kenya iliua watu 125, ilikuwa kwenye mahindi, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana na ukungu huohuo. Karanga moja chungu mdomoni iteme, usiimeze kwa aibu.

Kaanga kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza muda wote. Itachukua kama dakika 15 hadi 20. Kwanza utasikia harufu ya majani mabichi, halafu maganda yataanza kupasuka kwa sauti ndogo, halafu harufu itabadilika iwe ile unayoijua kwa wauza karanga barabarani. Hapo anza kuonja. Vunja moja katikati utazame ndani: kukiwa kweupe, bado, kukiwa na rangi ya kahawia hafifu mpaka kwenye kiini, toa mara moja. Zimwage kwenye ungo uzitandaze, maana zikiachwa ndani ya kikaango zinaendelea kuiva zenyewe, na karanga iliyopita kidogo inatia uchungu kwenye sufuria nzima. Zikipoa kiasi cha kushikika, zisugue kwa viganja, zipepete maganda yatoke.

Saga zikiwa bado na uvuguvugu. Kwenye kinu, twanga hadi unga uanze kunata kwenye mchi, kisha endelea. Ndipo kazi inapoanza. Kwenye blenda, karanga zitakuwa unga, kisha zitajikusanya donge moja zito lisilotaka kuzunguka, na hapo wengi hukata tamaa wakatia maji au mafuta. Usitie chochote. Zima, kwangua kingo, ipumzishe mota dakika moja, washa tena. Baada ya muda donge linang'aa, linalegea, linaanza kumiminika. Mafuta yametoka yenyewe. Tia chumvi nusu kijiko cha chai. Nusu kilo itakutosha masufuria mawili, na inayobaki hukaa vizuri kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Kijiko chenye maji kisiingie humo, ukungu unaanzia hapo.

Sasa kuku. Umeuliza kama kuku wa kisasa anafaa. Anafaa kulisha familia siku ya kazi, lakini kwa mama mkwe kutoka Masvingo mpikie wa kienyeji. Zimbabwe nako tofauti hiyo wanaitilia maanani sana. Kuku aliyejitafutia chakula uani ndiye kuku wa mgeni. Na sababu si heshima peke yake. Dovi ni nzito na inafunika ladha dhaifu. Broila wa wiki sita anatoa supu nyepesi, na ukiizimua karanga kwa supu hiyo utaonja karanga tu. Kuku wa kienyeji, tena jogoo au tetea mzee, anatoa supu inayosimama mbele ya karanga. Ukikosa kabisa, tafuta kuku wa mayai aliyemaliza kutaga. Ni mgumu, wengi hawamtaki, kwa hiyo huuzwa kwa bei nafuu, lakini supu yake ni nzuri mno.

Kwa kuku mmoja wa kilo moja na robo hivi akiwa ameshasafishwa, andaa dovi robo tatu ya kikombe, kitunguu kikubwa kimoja, nyanya tatu zilizoiva, chumvi, na pilipili moja ukipenda. Ni hivyo tu. Najua mkono wa mtu wa pwani utataka kwenda kwenye binzari, iliki na mdalasini. Uzuie. Mjini Harare wapo wanaotia unga wa mchuzi, na kitunguu saumu hakitaharibu, lakini chakula alichokula mume wako utotoni kilikuwa na kuku, karanga, kitunguu, nyanya na chumvi. Ukianza kupanga viungo juu yake unapika kitu kingine, kitamu pengine, ila sicho anachokikumbuka.

Kata kuku vipande, mweke kwenye sufuria na chumvi na maji ya kumfunika, funika, mchemshe taratibu. Wa kienyeji atataka saa moja na nusu hadi mbili. Tetea mzee anaweza kuzidi hapo. Jaribu kwa uma kwenye paja: uingie bila kusukumwa, lakini nyama isianguke kwenye mfupa, kwa kuwa bado ina safari. Kosa la kumtia kuku mgumu kwenye dovi ukitegemea aivie humo ndilo linalounguza masufuria mengi. Mchuzi wa karanga haungoji saa mbili. Kwa broila dakika 30 zinatosha.

Mimina supu yote pembeni. Unahitaji vikombe vitatu hadi vinne, ikipungua ongeza maji ya moto. Vipande vibaki kwenye sufuria viendelee kukaangika kwa mafuta yao wenyewe, na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kama kuku alikuwa mkavu. Viache vishike rangi kila upande. Hapa ndipo mapishi ya Kizimbabwe yanapotofautiana na yetu mengi ya mchuzi: kuku huchemshwa kwanza, hukaangwa baadaye. Kisha kitunguu, kilainike. Kisha nyanya, na hizi zipike mpaka zisionekane tena kuwa nyanya, zimekuwa rojo. Nyanya iliyoachwa mbichi inaleta uchachu unaopigana na karanga. Rudisha vikombe viwili vya supu, acha vichemke dakika kumi.

Wakati huo dovi iko kwenye bakuli. Hapa ndipo madonge yako yalipozaliwa, kwa hiyo nisome polepole. Wewe, nadhani, uliichota kwa kijiko ukaitumbukiza kwenye sufuria inayochemka. Ndani ya dovi, chembe za karanga zinaogelea kwenye mafuta. Zikikutana na maji kidogo ghafla, chembe hizo zinayanywa na kushikana, donge linakuwa gumu nje na kavu ndani, na baada ya hapo mwiko hauna la kufanya. Dawa ni kuizimua nje ya sufuria. Tia upawa mmoja wa supu ya moto kwenye bakuli, koroga. Utashtuka, kwa sababu badala ya kulainika itakaza, itakuwa nzito kuliko mwanzo. Usiache. Tia upawa wa pili, koroga kwa nguvu. Mahali fulani kati ya upawa wa pili na wa tatu maji yanakuwa mengi ya kutosha, mambo yanageuka, na lile donge linalegea kwa ghafla likawa rojo laini. Endelea mpaka iwe nyepesi kama uji wa mtoto. Ikiwa hivyo, imimine kwenye sufuria huku ukikoroga, na haitafanya donge hata moja.

Punguza moto uwe mdogo kabisa. Kama ni jiko la mkaa, toa makaa mengine pembeni. Usifunike kabisa, acha mwanya, kwa sababu karanga hufura na kumwagika. Pitisha mwiko chini ya sufuria kila baada ya dakika moja au mbili, chini hasa, si kukoroga juu juu. Chembe nzito zinatua na kuganda pale, ndipo zinapoungua. Dakika 15 hadi 20. Ukiona vidoa vya mafuta pembezoni, onja. Kama ule ubichi umeondoka na chumvi imekaa, zima.

Izime ikiwa bado nyepesi kuliko unavyoitaka, maana mchuzi wa karanga unaendelea kukaza ukiwa umetoka motoni. Ule unaoonekana sawasawa jikoni utakuwa mzito kama bandiko ukifika mezani.

Kuna kukatika kwa kweli pia, nisije nikakupotosha. Ukiona chembe za karanga zimejitenga kama makapi na katikati yake kuna maji meupe yaliyo wazi, basi moto ulikuwa mkali na maji yalipungua. Tia nusu kikombe cha maji ya moto, shusha moto, koroga taratibu. Mara nyingi unarudi. Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue chini. Hamishia mchuzi kwenye sufuria nyingine, ile iliyoganda iache hapohapo. Na mafuta yakizidi juu kwa sababu kuku alikuwa mnono, engua baadhi kwa kijiko, lakini bakiza. Mchuzi wa dovi usio na mng'ao wa mafuta wageni wataudhania haujaiva.

Huenda ukasoma mapishi mengine ukutane na karanga mbichi zilizotwangwa, ukachanganyikiwa. Hilo nalo ni sahihi kwa mahali pake. Malawi hutumia unga wa karanga uitwao nsinjiro, kusini mwa Msumbiji kuna mchuzi wao wa karanga unaopikwa kwa kuku au kaa, wengine wakiongeza tui la nazi, na Zambia karanga zilizotwangwa huingia kwenye mboga za majani, wakaita ifisashi. Sisi wenyewe tunazitia mbichi kwenye mchicha na kisamvu. Karanga mbichi inatoa mchuzi mweupe na mpole, lakini inataka zaidi ya nusu saa motoni ili isinuke ubichi wa maharage. Ya Zimbabwe ni ya kukaanga, nyekundu kidogo, yenye harufu inayofika mlangoni kabla ya chakula. Mama mkwe wako ataijua kwa pua.

Mezani, weka sadza, yaani ugali, na uusonge mgumu kuliko wa kila siku, maana mchuzi ni mzito na tonge lazima libebe. Ugali mweupe wa sembe unatosha. Ukitaka kumgusa zaidi, Masvingo ni nchi ya ukame, huko ulezi, uwele na mtama vina historia ndefu kuliko mahindi, na ugali wa ulezi pamoja na kuku wa dovi ni chakula cha heshima. Pembeni weka majani ya maboga au sukuma wiki, yaliyopikwa kwa kitunguu na nyanya bila karanga. Wazimbabwe hupika majani kwa dovi pia, na wali kwa dovi, lakini usiweke dovi kwenye kila sahani siku moja. Itachosha.

Firigisi usikate vipande ukaichanganya. Kwa Washona, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za kwetu, ni ya baba mwenye nyumba, na mama mkwe atatazama imekwenda wapi. Mpe mumeo, akitaka kumpa mama yake, hilo ni lake. Maji ya kunawa mpelekee mwenyewe, ukipiga goti. Washona wanatarajia hivyo kwa mke wa mwana wao, na wewe wa Tanga jambo hili halikusumbui. Na kama kuna watoto au wageni wengine, uliza mapema kama kuna asiyepatana na karanga, kwa sababu kwenye chakula hiki huwezi kumtolea pembeni.

Kitu kimoja zaidi kuhusu huyo mama. Zimbabwe, karanga kwa muda mrefu zimehesabiwa kuwa zao la wanawake: mama ana kipande chake cha shamba, anapanda, anapura, anachagua mbegu, na dovi ya nyumbani ni kazi ya mikono yake. Mwambie mumeo ampigie simu amwombe aje na chupa ya dovi yake. Hatakuona mvivu, atafurahi, na utapata kipimo cha ukaangaji ambao mumeo amezoea. Ipike hiyo siku ya pili, umshirikishe jikoni. Siku ya kwanza mpikie ya kwako, na kabla ya hapo ifanyie jaribio moja kwa nusu kuku, mumeo aonje. Safari hii muulize kabisa: karanga zimeiva sana au kidogo? Chumvi je? Asikujibu kwa kunyamaza.

Kiporo chake ni kitamu kuliko cha siku ya kwanza, ila usiwashe moto kwa haraka. Utakikuta kimeganda. Tia robo kikombe cha maji ya moto kwa kila bakuli, kivunje kwa mwiko ukiwa na moto mdogo, kichemke kabisa hadi katikati, na usikilaze nje usiku kucha kwa joto la Dar. Kikishapoa kiingie kwenye friji, kiishe ndani ya siku mbili.